SOMO: Kuhamia Réunion kutoka Ufaransa bara, karatasi kwa mpangilio wake

Wakuu, habari zenu. Kila nikifungua ujumbe nakuta swali lilelile: "Nina kibali cha ukaazi cha Ufaransa, nahamia Réunion, naanzia wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Shikeni hili kwanza. Réunion ni kisiwa cha Bahari ya Hindi na ni mkoa wa Ufaransa, namba 974, euro ileile, bima ya jamii ileile. Lakini haimo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na kwa kodi za bidhaa inahesabiwa nje. Yaani wewe mwenyewe unahama ndani ya nchi moja, ila makabati yako yanavuka forodha. Asiyeelewa hapo atasumbuka njia nzima.

1. Angalia tarehe ya kibali kabla ya tarehe ya ndege. Maombi ya kibali kipya hupelekwa kati ya miezi 4 na miezi 2 kabla ya cha zamani kuisha. Faili linashughulikiwa na prefekti, yaani ofisi ya serikali ya mkoa unakoishi. Ukihama likiwa bado mezani, litabaki linatafutwa kati ya prefekti mbili zilizoachana kwa saa 11 za ndege. Subiri kadi mpya mkononi, ndipo ukate tiketi.

2. Safari. Pasipoti na kibali chenyewe, si picha kwenye simu. Ni safari ya ndani ya nchi, ila polisi wa mpaka watakukagua.

3. Nyumba, kisha umeme. Mkataba wa upangaji, bima ya nyumba, halafu mkataba wa umeme kwa jina lako. Bima ya nyumba ya bara usidhani inakufuata. Piga simu uulize kama inahudumia visiwani. Umeme nao unafungua akaunti mpya, hata kama bara ulikuwa na shirika hilohilo la umeme, EDF. Ukishasaini, omba palepale hati inayothibitisha mkataba, usingoje bili ya kwanza. Karatasi hiyo ndiyo itakufungulia milango yote inayofuata.

4. Anwani ya kibali. Una miezi 3 tangu kuhama. Inafanyika mtandaoni, kwenye akaunti yako ya wageni ya serikali. Usiiache mpaka wakati wa kubadilisha kibali.

5. Mzigo. Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo watu wanapopoteza pesa.

Kila kinachoingia kisiwani kinakutana na kodi mbili: VAT ya huku, ambayo ni asilimia 8.5 badala ya 20 ya bara, na octroi de mer, ushuru wa visiwani unaotozwa hata kwa mzigo uliotoka Ufaransa yenyewe. Anayehama anasamehewa zote mbili kwa vyombo vyake vya nyumbani, ila kwa masharti. Viwe vyako, uwe umevitumia angalau miezi 6, na uwe umelipia kodi uliponunua. Uthibitishe pia kwamba kweli umehamisha makazi: karatasi ya nyumba uliyoiacha na ya nyumba uliyoingia, zote mbili.

Halafu orodha. Lazima iwe na kila kitu, thamani yake, tarehe na sahihi yako. Kuna jamaa aliandika "maboksi 14, vitu mbalimbali, euro 500". Kontena lilikaa Le Port, bandari ya kisiwa, likingoja orodha mpya, na kila siku ya kulaza mzigo bandarini inalipiwa. Andika namna hii:

*Boksi 6: sufuria 4, sahani 12, pasi ya umeme 1, vya jikoni, vimetumika, euro 60.*
*Bila boksi: mashine ya kufulia 1, ilinunuliwa 2021, euro 120.*

Inachosha, lakini ifanye wakati unafunga maboksi, si usiku wa kuamkia gari la mizigo. Weka nakala moja kwenye begi la mkononi.

Maonyo, na sitayarudia:
Usinunue televisheni mpya mwezi wa kuondoka ukaichomeka katikati ya nguo. Kitu kipya kiandike peke yake, weka risiti, lipa ushuru wake.
Usipakie mzigo wa shemeji. Msamaha ni wa vitu vyako tu, na sahihi kwenye orodha ni yako.
Pombe na tumbaku hazimo kwenye msamaha.
Mimea, udongo, mbegu: acha. Kisiwa kinalinda mashamba na misitu yake, na wakaguzi wa mimea wako makini.

6. Afya. Huku hakuna CPAM, ile ofisi ya bima ya afya ya bara. Kuna CGSS, inayoshika matibabu, pensheni na michango pamoja. Badilisha anwani kwenye akaunti yako ya bima, faili litahamishwa. Kisha pitisha kadi ya Vitale, yaani kadi yako ya bima ya afya, kwenye mashine ya duka la dawa, na uandikishe daktari wako mpya.

7. CAF, ofisi ya misaada ya familia. Watangazie kuhama, faili linakwenda CAF ya Réunion. Msaada wa nyumba unaombwa upya, kwa sababu nyumba ni nyingine.

8. Kodi ya mapato. Badilisha anwani. Wakazi wa Réunion wanapunguziwa asilimia 30 ya kodi, isizidi euro 2,450. Hakikisha imo kwenye hesabu yako.

9. Watoto. Cheti cha kuondolewa shule ya zamani, kitabu cha chanjo, kisha ofisi ya meya kwa wa msingi. Masomo yanaanza katikati ya Agosti, na likizo ndefu ni Desemba na Januari.

10. Gari. Kadi ya gari ibadilishwe anwani ndani ya mwezi 1. Likija kwa meli linapita forodha kama vyombo, na sharti la miezi 6 linalihusu pia.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Pwani: Mkuu somo zuri. Nina viza ya Schengen, naweza kuja kutafuta kazi?

Mwandishi: Rudi aya ya pili. Haimo Schengen.

Kijana wa Pwani: Lakini si ni Ufaransa?

Mwandishi: Ni Ufaransa, na viza ya Schengen haikuingizi huku. Unaomba viza ya Ufaransa iliyoandikwa kwamba ni ya mikoa ya ng'ambo. Na ya matembezi haikupi ruhusa ya kufanya kazi, huku wala bara.

Mama Nuru: Shikamoo kaka. Mimi nitafikia kwa dada yangu Saint-Denis, sina mkataba wala umeme kwa jina langu. Hiyo hatua ya 3 nitaifanyaje?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza jambo ambalo nilipaswa kuliandika. Dada yako ataandika barua iliyosainiwa kwamba unaishi kwake, na tangu tarehe gani. Ataambatanisha nakala ya kitambulisho chake na bili yake ya karibuni. Hizo tatu zinasimama badala ya mkataba. Tengeneza nakala kadhaa, maana prefekti, CGSS, CAF na benki kila mmoja atataka zake. Na jina lako liandikwe kwenye sanduku la barua siku ya kwanza. Kadi nyingi zinakuja kwa posta, na mpeleka barua asipoona jina anazirudisha.

Mama Nuru: Sikuwaza kabisa habari ya sanduku. Mungu akubariki.

Mtu Chake: Mnawatisha watu bure na hiyo orodha. Mimi nilishuka na mabegi matatu, hakuna aliyeniuliza hata pasi ya umeme.

Mwandishi: Nguo za msafiri kwenye begi ni jambo moja, kontena lenye kitanda na friji ni jambo jingine. Hatua ya 5 inahusu la pili. Kama hukuleta kontena, usiwaambie wenye kontena wasiandike orodha.

Wa Ngazija: Mimi kibali changu kimetolewa Mayotte. Naona Réunion ni karibu tu. Natumia utaratibu huu?

Mwandishi: Hapana ndugu, na tafadhali usikate tiketi kwanza. Mayotte nayo ni mkoa wa Ufaransa wa kisiwani, lakini kibali kilichotolewa huko kwa kawaida kinatumika Mayotte tu. Kwenda mkoa mwingine, Réunion ikiwemo, unahitaji idhini maalumu inayotolewa kwa mfumo wa viza, na inaombwa prefekti ya Mayotte kabla ya kusafiri. Kuna watu wasiohusika na kizuizi hicho, wanaohesabiwa kwa aina ya kibali au uhusiano wa familia. Nenda na kadi yako uulize kwa aina yako hasa, usisikilize ya jirani.

Bi Tausi: Nyongeza: msikate namba ya simu ya bara haraka. Benki na kodi wanatuma namba za siri kwenye hiyo simu.

Mwandishi: Kweli kabisa. Badilisha namba kwenye akaunti zote kwanza, ndipo uifunge. Na mkipigia ofisi za bara kumbukeni saa: Réunion iko mbele kwa saa 2 majira yao ya joto, saa 3 majira ya baridi. Saa tatu asubuhi huku, kule bado wamelala.

Kijana wa Pwani: Mkuu, nikipata kibali, mwezi gani mzuri kuhama?

Mwandishi: Hili swali zuri. Vimbunga ni Novemba hadi Aprili, na Januari hadi Machi ndiyo kilele. Belal alipiga Januari 2024, Garance Februari 2025. Tahadhari nyekundu ikitangazwa hakuna kutoka nje: bandari, prefekti na maduka vyote vinafungwa. Ukiweza, mzigo ufike kati ya Mei na Oktoba. Usipoweza, vyeti vyote viingie kwenye mfuko usiopitisha maji, na bima ya nyumba ianze kazi siku unayokabidhiwa funguo.