Maji, unga na vifuniko: kona tatu za michezo kwa darasa la awali

Kona ya michezo ikivurugika, kagua meza kabla ya kuwakemea watoto. Mara nyingi chanzo ni zana: ni chache mno watoto wakagombania, zimezidi wakazimwaga tu, au hazifanyi kazi uliyokusudia. Maelezo haya ni ya watoto wa miaka 4 hadi 6. Walio chini ya miaka 3 wasipewe vitu vidogo kama vifuniko vya chupa, maana huvitia mdomoni na vinaweza kuwakaba.

Kila kona iwe na watoto wanne, watano wakizidi sana. Njia rahisi ya kudhibiti idadi ni kutundika aproni nne ukutani karibu na kona. Zikiisha, kona imejaa, na mtoto anaona mwenyewe bila mwalimu kusema neno. Wape dakika 20 hivi, kisha watangazie mapema kwamba zimebaki dakika 5. Mtoto aliyezama katika mchezo akiondolewa ghafla atalia, na ana haki.

Kona ya maji

Andaa beseni pana lenye maji ya kina cha sentimita 10, vikombe vinne vya mililita 250, chupa mbili za lita 1 zinazopitisha mwanga (moja nyembamba na ndefu, nyingine nene na fupi), faneli mbili na matambara ya kufutia. Tandika taulo kuukuu chini ya beseni, kwani sakafu yenye maji huteleza.

Muulize mtoto: "Unadhani chupa hii itajaa kwa vikombe vingapi?" Sikia jibu lake, usilisahihishe. Kila anapomimina kikombe kilichojaa, aweke kifuniko kimoja kwenye trei. Mwishoni anahesabu vifuniko. Jibu lilitakiwa kuwa vinne, lakini wengi hupata vitano au sita kwa sababu maji yamemwagika au kikombe hakikujaa. Mwache arudie, ukimwonyesha kujaza kikombe hadi ukingoni. Usichague kikombe kidogo sana: chupa ya lita 1 ikihitaji vikombe 20, mtoto wa miaka 4 atapoteza hesabu katikati na kuanza kurusha maji.

Kuna kasoro moja ambayo huwachanganya hata walimu. Faneli ikikaa sawasawa na kuziba mdomo wa chupa, maji hugoma kushuka, au hushuka kwa kukoroma. Hewa iliyomo ndani haina pa kutokea. Inua faneli kidogo, au chomeka mrija wa kunywea kati ya faneli na mdomo wa chupa, maji yatateremka. Afadhali usikimbilie kurekebisha. Waulize watoto kwa nini maji yamesimama, waache waisukume na kuiinua faneli wenyewe. Hilo ni somo zima la hewa, na limekuja bila kupangwa.

Siku nyingine, mimina vikombe viwili katika kila chupa, watoto wakishuhudia. Ipi ina maji mengi? Wengi wataonyesha ile ndefu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jambo hili: katika umri huu mtoto hukadiria kwa kutazama urefu. Kumwambia "zimelingana" hakusaidii. Mwambie arudishe maji ya kila chupa vikombeni ajionee. Asipokubali bado, si neno; rudieni mwezi ujao.

Mwalimu asibanduke kwenye kona hii hata kwa dakika moja, na beseni limwagwe mara tu mchezo unapokwisha. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu.

Kona ya unga wa kuchezea

Kwa watoto wanne: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia, na takriban kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu. Changanya unga na chumvi kwanza, tia mafuta, kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukikanda kwa dakika 5 hivi. Ukitia maji yote kwa mkupuo, utapata rojo. Unga ukinata vidoleni, nyunyizia unga mkavu kijiko kimoja kimoja; ukipasukapasuka, lowesha viganja uendelee kukanda.

Chumvi huzuia unga usioze haraka, lakini huwasha penye mchubuko, na mtoto akiila kwa wingi ni hatari. Eleza wazi kwamba unga huu hauliwi, nawe uwe macho. Kama darasani kuna mtoto mwenye mzio wa ngano, tumia udongo wa mfinyanzi badala yake.

Anza bila vifaa. Kuminya, kuviringisha na kubinya kwa kidole gumba na cha shahada hukomaza misuli ile ile itakayoshika penseli. Ukileta vikata maumbo mapema, mtoto hubonyeza tu na vidole havipati kazi. Vilete baadaye, pamoja na mkasi butu: nyoka wa unga ni rahisi kukata kuliko karatasi.

Hifadhi unga kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukibadilika harufu au kuota ukungu, tupa.

Kona ya vifuniko

Vifuniko 15 vya rangi tatu kwa kila mtoto vinatosha. Mwambie avitenge vile anavyoona vinafanana, kisha akueleze alivyotenga. Huenda amefuata ukubwa badala ya rangi, na yuko sahihi. Katika kuhesabu, kidole hukimbia kuliko mdomo. Dawa yake ni kuhamisha kila kifuniko kutoka upande mmoja wa trei hadi mwingine anapotaja namba. Akimaliza, uliza: "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajang'amua kuwa namba ya mwisho ndiyo jumla. Hapo usiharakishe kumpa vifuniko zaidi. Mrudishe kwenye vitatu au vinne hadi ajibu bila kuhesabu tena.