Somo: Kodi za Saba Zenye Mshazari Kwenye Gitaa

Wengi wanapokutana na G7/B hudhani ni kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) mpya ya kukariri, ilhali herufi iliyo kulia kwa mshazari (/) hutaja tu noti itakayolia chini kabisa. Kodi ni G7 ileile, yenye G, B, D na F. Kilichobadilika ni noti inayobeba besi.

Hatua ya kwanza. Weka kidole cha kati kwenye uzi wa tano, freti ya 2. Cha pete kwenye uzi wa nne, freti ya 3. Na cha mwisho kwenye uzi wa pili, freti ya 3. Uzi wa tatu uache wazi, wa sita na wa kwanza uzizime. Utasikia B, F, G na D, noti zote nne bila hata moja kujirudia, na ndiyo sababu napenda kuanzia hapa.

Hatua ya pili. Toka hapo uende C, polepole, mara nyingi, hadi usikie mambo mawili kwa pamoja: B ikipanda nusu toni hadi C, na F ikishuka nusu toni hadi E. Kati ya B na F pana toni tatu kamili, umbali usiotulia sikioni, na kutotulia huko ndiko kunakoifanya kodi ya dominanti (hapa ni G7) iitake C. B inapokaa kwenye besi, wito huo husikika waziwazi badala ya kujificha katikati ya nyuzi.

Hatua ya tatu. Piga G7/F: uzi wa sita freti ya 1, wa tano na wa kwanza zimezimwa, wa nne hadi wa pili wazi. Besi hii hutaka kushuka hadi E, kwa hiyo ifuatishe C/E.

Swali: Mwalimu, nikihamia ufunguo wa D nifanyeje?

Jibu: Sogeza umbo la hatua ya kwanza freti 2 mbele, kisha ubonyeze uzi wa tatu, freti ya 2, kwa kidole cha shahada. Hiyo ni A7/C#, nayo huenda D.

Swali: Bendi yetu ina mpiga besi. Je, bado nahitaji kodi hizi?

Jibu: Kubalianeni kwanza, kwa kuwa noti ya chini kabisa ya bendi nzima ndiyo inayoamua: yeye akipiga G huku wewe ukipiga B, msikilizaji atasikia G7 ya kawaida.

Swali: Na G7/C? C haimo katika G7.

Jibu: Ni kweli, haimo, na besi si lazima itoke ndani ya kodi. Shika C kwenye uzi wa tano, freti ya 3, na F kwenye uzi wa kwanza, freti ya 1, nyuzi tatu za kati ya hizo zikiwa wazi. Halafu ingia C bila kukiinua kidole cha besi, usikie noti za juu zikitulia juu ya besi iliyokuwa ikizisubiri.