Kabla ya masika, kagua kila bomba lililotoboa paa

Paa la bati likivuja, mara nyingi bati lenyewe halina kosa. Maji yamepita pale tulipolitoboa wenyewe: bomba la hewa la choo, nguzo ya dishi, waya za sola, bomba la maji ya moto linaloshuka kutoka hita ya juu ya paa. Kila tundu la aina hiyo limezibwa kwa kitu chenye umri mfupi kuliko bati na mfupi kuliko bomba. Kola, yaani mkono wa mpira unaolibana bomba na kulala juu ya bati, ikiwa nzuri na ya EPDM (aina ya mpira wa viwandani) huishi miaka 10 hadi 20, na kwa jua letu usitegemee mwisho wa hesabu hiyo. Paneli za sola huuzwa kwa dhamana ya miaka 25. Kwa hiyo anayefunga sola leo aweke kwenye bajeti yake kwamba mipira itabadilishwa angalau mara moja kabla paneli hazijachoka. Mafundi wengi hawamwambii mteja jambo hili, na ni haki yake kulijua.

Kwa walio pwani na kaskazini mashariki mwa Tanzania, ambako masika huanza Machi, kazi hii ni ya Januari au Februari, wakati bati ni kavu na silikoni ya kuzibia inashika vizuri. Ukisubiri tone la kwanza lidondoke kitandani, utamkuta fundi ameshaitwa kwenye nyumba nyingine.

Anzia ndani. Panda juu ya dari mchana jua likiwa kali, zima tochi, utulie kidogo macho yazoee giza. Tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Doa la maji kwenye jipsam halikuelekezi tundu lilipo, kwa sababu maji huteremka na mbao za paa hata mita kadhaa kabla ya kudondoka; fuata alama ya unyevu kwenye mbao kuelekea juu ya mteremko. Na kwa walio maeneo ya baridi kama Njombe au Limuru: bati likitiririka asubuhi bila mvua kunyesha, huo ni mvuke wa ndani ya nyumba uliogeuka maji kwenye bati la baridi. Dawa yake ni kupitisha hewa, silikoni haitakusaidia.

Halafu panda juu, asubuhi kabla bati halijawaka. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo zilipo papi, mbao za kulaza zinazoshikilia bati. Paa likiwa la asbesto, usipande wala usitoboe. Vumbi lake linaleta saratani, na kazi hiyo ni ya wenye vifaa na ujuzi wake.

Ukifika kwenye bomba, pinda shingo ya kola kwa vidole. Mpira mzima hunyumbuka na kurudi. Uliochoka ni mgumu, unaacha unga mweusi kidoleni, na ukiupinda unaona nyufa nyembamba zikizunguka bomba. Angalia zaidi upande wa juu wa mteremko, ambako majani na vumbi hujikusanya na kushika maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Kutu huanzia hapo. Gusa na washa za skrubu. Ikizunguka kwa kidole, haizuii kitu.

Nyufa hizo zina sababu. Bati la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, na usiku hurudi. Bomba la plastiki nalo hutanuka kwa kiwango chake, mara kadhaa zaidi ya chuma. Tundu linasuguliwa kila siku, ndiyo maana saruji iliyosiribwa kuzunguka bomba hupasuka mapema. Kinachodumu ni kitu kinachoweza kucheza.

Ukienda dukani, kwa bomba la moshi au la maji ya moto sana omba kola ya silikoni, kwani inastahimili joto kuliko EPDM. Silikoni ya kuzibia iwe ile isiyonuka siki. Yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula zinki ya bati. Usipake lami wala grisi kwenye mpira wa EPDM, mafuta huuvimbisha na kuulegeza. Na bomba la shaba lisiachwe lidondoshe maji juu ya bati: maji hayo hubeba shaba kidogo, na bati hutoboka kwenye mstari wa matone.

Kubadilisha kwenyewe kunataka subira. Kwangua silikoni ya zamani yote, kwa kuwa mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka. Kata shingo ya kola iwe ndogo kuliko bomba kwa asilimia 20 hivi; kwa bomba la milimita 110, tundu liwe kama 90. Iteremshe kwa maji ya sabuni. Geuza kitako chake cha mraba ili kona moja itazame juu ya mteremko, maji yagawanyike pande mbili badala ya kusimama. Silikoni inakaa chini ya kitako, kisha skrubu kila sentimita 3 au 4. Ukilazimika kupanua tundu, tumia mkasi wa bati. Cheche za grainda huunguza rangi na kuacha vumbi la chuma linaloota kutu kwenye bati zima.

Jaribu kwa mpira wa maji, ukianzia chini ya bomba na kupanda polepole, mwenzako akiwa darini na tochi. Ukimwaga kutoka juu mara moja, hutajua ni sehemu gani iliyopitisha.

Kwa vyoo vya shimo vyenye bomba la hewa, kagua pia wavu wa juu. Ukichanika, nzi hutoka na harufu ikabaki ileile, kwa hiyo watu hawagundui. Wavu wa chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko wa plastiki.

Na pale dishi lilipong'olewa, matundu yake ya skrubu bado yapo. Yazibe kwa skrubu nene zaidi yenye washa mpya, au kwa kipande cha bati cha aina ileile ambacho ncha yake ya juu imeingia chini ya bati la juu yake.