Namna ya kupima maneno ya siasa yanayohukumu kabla ya ushahidi

Kuna maneno yanayotaja jambo, na kuna maneno yanayotaja jambo na papo hapo kulitolea hukumu. Anayesema kwamba mfanyabiashara fulani aliuza sukari kwa bei ya juu kuliko iliyopangwa amesimulia kitendo, na msikilizaji amebaki na nafasi ya kuuliza bei ilikuwa kiasi gani, nani aliipanga na kwa nini sukari ilikuwa adimu. Anayemwita mfanyabiashara huyo mlanguzi amekwisha kumaliza kesi. Siasa haiwezi kuendeshwa bila maneno ya aina hii ya pili, wala mwongozo huu hauombi yafutwe. Unaeleza jinsi msomaji, mwandishi au mpiga kura anavyoweza kuyatambua na kuyapima kabla hajaanza kuyatumia yeye mwenyewe.

Anza kwa kutenganisha kitendo na hukumu. Mwaka 1971 Tanzania ilitunga sheria iliyoiwezesha serikali kuchukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwa walioiunga mkono hatua hiyo, majumba yalitaifishwa. Kwa waliokuwa wakiyamiliki, wengi wao wakiwa na asili ya Asia, majumba yalinyang'anywa. Neno la kwanza linakuambia kwamba mali imefika mahali pake halali, na la pili linakuambia kwamba imetolewa mahali pake halali, na yote mawili yanakuambia hivyo bila kutoa hoja hata moja. Yaweke kando kwa muda, kisha andika kilichobaki: serikali ilichukua majumba ya aina fulani, kwa sheria fulani, kutoka kwa watu fulani. Hapo ndipo maswali yenye maana yanapojitokeza, kama vile nani alilipwa fidia, nani hakulipwa, na wapangaji waliokuwa ndani walipata nini. Ukishayajibu, una haki ya kurudi na kuchagua neno lako, ukijua unachokisema.

Njia ya haraka zaidi ni kubadilisha neno na kuangalia kinachotikisika. Kuanzia mwaka 2017 madiwani na wabunge kadhaa wa upinzani Tanzania walijiuzulu na kuhamia chama tawala, CCM, na sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa "kuunga mkono juhudi" za Rais wa wakati huo, John Magufuli. Wenzao waliobaki upinzani walisema wamenunuliwa. Weka neno "wamehama" mahali pa maneno hayo, na sentensi bado ni kweli kwa pande zote mbili. Kilichopotea katika mabadilishano hayo ndicho ambacho kila upande unadaiwa kukithibitisha: upande mmoja uoneshe ni juhudi zipi hizo na kwa nini haikuwezekana kuziunga mkono kutoka kiti cha upinzani, na upande mwingine uoneshe fedha. Neno likibadilishwa na hakuna kilichopotea, basi halikuwa na hukumu ndani yake, na hakuna haja ya kulishuku.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalifuatilii vya kutosha ni safari ya neno kutoka jukwaani hadi kwenye sheria. Mapema mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ya Tanzania ilianzisha msako dhidi ya wale iliowaita wahujumu uchumi. Nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa bidhaa, uchumi ukiwa umeelemewa na gharama za vita vya Kagera na bei ya mafuta, na hasira ya watu waliopanga foleni kwa ajili ya sabuni ilikuwa hasira ya haki. Lakini angalia neno lenyewe. Hujuma ni shambulio, hasa shambulio la siri, na anayefanya shambulio ni adui. Kwa neno hilo moja, biashara ya magendo na kuficha bidhaa viliondolewa katika eneo la makosa ya kibiashara na kuwekwa katika eneo la vita, na mwenye duka aliyeficha katoni chache za sabuni aliweza kuwekwa safu moja na mtu aliyevusha mali mpakani kwa malori. Sheria iliyotungwa mwaka huo ilifuata mantiki ya neno: iliunda chombo maalumu cha kusikiliza mashauri hayo, ikawanyima watuhumiwa dhamana, ikawanyima pia uwakilishi wa mawakili. Ni vigumu kuwaambia wananchi kwamba mwuza sabuni hastahili wakili. Ni rahisi kuwaambia kwamba adui hastahili. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka uliofuata, lakini jina lilibaki, na hadi leo mtu anaweza kufikishwa mahakamani kwa kesi ya uhujumu uchumi kabla hajaulizwa swali hata moja kuhusu alichokitenda. Kwa hiyo kila unaposikia jina jipya la kosa likirudiwa mkutanoni, uliza ni adhabu gani au utaratibu gani ambao usingekubalika kama kitendo kingetajwa kwa jina lake la kawaida.

Si maneno makali tu yanayostahili uangalifu huu. Maneno laini ni magumu zaidi kuyashtukia, kwa sababu hayampandishi mtu hasira. Chukua sentensi ya aina hii, ambayo msomaji wa magazeti ya Tanzania ataitambua mara moja: "Wananchi waliopisha mradi walipwa fidia." Kupisha ni tendo la adabu, unampisha mgeni mlangoni, unampisha mzee njiani, na unafanya hivyo kwa kupenda. Kitenzi hicho kimetumika kwa watu walioondoka kwenye ardhi yao kwa ajili ya reli, barabara, na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Huenda wengine waliondoka kwa moyo mkunjufu na wengine kwa sababu hawakuwa na chaguo, lakini kitenzi kimewaridhisha wote kwa niaba yao. Vivyo hivyo, mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa mijini "walipangwa", na ilimpasa msomaji atafakari kabla ya kuona kwamba kupangwa huko, kwa wengi wao, kulikuwa kuondolewa mahali walipokuwa na wateja. Dawa ya maneno laini ni sarufi: tafuta mtenda. Nani alimwambia nani aondoke, kwa barua gani, ndani ya muda gani, na asipoondoka ingekuwaje? Sentensi ikishindwa kujibu maswali hayo, ujue neno laini ndilo lililoyafunika.

Maneno yanayochora mduara, kama wananchi, wazalendo na wanyonge, au "mahasla" (watu wa kawaida wanaohangaikia riziki) katika uchaguzi wa Kenya wa 2022, hayahitaji maelezo marefu. Uliza tu ni nani ameachwa nje ya mduara. Mzalendo akitajwa kwa kusifiwa ndani ya hoja kuhusu kodi, maana yake anayeipinga kodi hiyo si mzalendo, na hilo limesemwa bila mtu yeyote kulazimika kulisema.

Kundi la mwisho halipimwi kwa utulivu huo huo, na mimi sioni sababu ya kulipima hivyo. Ni maneno yanayomgeuza binadamu kuwa mdudu, uchafu au gugu. Nchini Rwanda, neno inyenzi, yaani mende, lilihusishwa katika miaka ya 1960 na wapiganaji waliovamia kutoka nje ya nchi. Kufikia mauaji ya kimbari ya 1994, katika matangazo ya redio ya RTLM, lilikuwa jina la Watutsi. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 watu watatu waliohusika na redio hiyo na gazeti la Kangura. Mnamo Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ilitangaza orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki kuelekea uchaguzi, na humo yalikuwamo mende, kwekwe na madoadoa. Madoadoa kwenye nguo huondolewa kwa kufuliwa, na kwekwe shambani hung'olewa. Hilo ndilo jambo la kulitazama: neno la aina hii linabeba ndani yake kitendo kinachofuata, na msemaji hahitaji kukitamka. Katika Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walifukuzwa makwao na kuuawa, na wasikilizaji wa maeneo hayo hawahitaji kufafanuliwa kwamba madoadoa ni watu wa makabila yanayohesabiwa kuwa ya wageni. Ukilisikia neno kama hilo, usijadiliane nalo wala usilipime dhidi ya neno jingine. Andika tarehe, mahali, aliyelisema na maneno yaliyolizunguka, kwa sababu utetezi wa kwanza huwa kwamba lilitafsiriwa vibaya, na maneno yaliyolizunguka ndiyo yatakayojibu.

Unapoandika wewe mwenyewe, usijaribu kuwa na lugha isiyo na hisia kabisa. Mauaji yaliyothibitishwa yaitwe mauaji. Kuyaita "tukio" ni kuwatetea wauaji. Weka kitendo kwanza na hukumu baadaye, ili asiyekubaliana nawe aweze kukubali angalau nusu ya sentensi yako. Neno la mwanasiasa lenye hukumu libaki ndani ya alama za kunukuu, na jina lake liwe karibu nalo, kwa maana neno lililonukuliwa mara tatu bila jina huwa lako. Kuwa mkali zaidi kwenye kichwa cha habari. Ndani ya makala unaweza kueleza kwamba familia kadhaa ziliondoka baada ya kupewa notisi, lakini kichwa kikisema zimepisha, wengi watakisambaza kichwa hicho peke yake, na notisi haitajulikana.