Dakika 20 za Ijumaa kwa mwenye utafiti

Kama unafanya utafiti wa chuo, tenga dakika 20 kila Ijumaa uandike saa ulizopanga kwa kila kazi na saa zilizotumika kweli. Andika kitu kinachohesabika: "nimenakili mahojiano 2 kati ya 12", si "nimeendelea na data". Maneno ya jumla humficha mtu kuchelewa kwake mpaka mwezi wa mwisho.

Kisha gawanya saa halisi kwa saa za mpango. Ulipanga 6, zikaenda 9? Kizidishi chako ni 1.5, kazi zote za aina hiyo zilizobaki zizidishe hivyo kwenye ratiba. Ila kila aina ya kazi ina kizidishi chake. Kunakili mahojiano kutoka kwenye sauti hula muda mwingi: saa 1 ya kurekodi huweza kumchukua anayeanza saa 4 hadi 6.

Kibali cha maadili (ruhusa rasmi ya kufanya utafiti unaohusu watu) na maoni ya msimamizi haviko mikononi mwako, kwa hiyo viombe mapema na uvipangie tarehe, si saa. Na kazi iliyosogezwa Ijumaa 2 mfululizo ni kubwa mno: ikate vipande vya saa 2, au punguza wigo na umweleze msimamizi wiki hiyo hiyo.