Tiketi ya Oktoba haikupi kura: kwa Wazanzibari walioko nje

Kura ya Zanzibar haipigwi ubalozini, wala kwa posta, wala kwa intaneti. Kura ya mapema, ambayo wengi huisikia wakadhani ni ya wasafiri, ni ya wasimamizi wa vituo, askari na watumishi wa uchaguzi wanaokuwa kazini siku yenyewe. Mwaka 2020 ilipigwa Oktoba 27, siku moja kabla ya wengine. Kwa hiyo aliyeko Leicester au Toronto hana njia ila kurudi, na kurudi peke yake hakutoshi.

Mtego ni ukaazi. Ili uandikwe katika daftari la wapiga kura la Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC) unatakiwa uwe umekaa miezi 36 mfululizo katika jimbo unalotaka kupigia kura. Soma tena: miezi 36, mfululizo, jimboni. Kuzaliwa Wete hakuhesabiki. Kujenga nyumba Wete hakuhesabiki. Kuja kila mwaka kufutari na wazee mpaka Sikukuu hakuhesabiki. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi utaulizwa, lakini kuwa nacho mfukoni si ushahidi kwamba unalala hapo.

Jamaa watakwambia, "Njoo tu, sheha ni mtu wetu." Wanasema kwa mapenzi, tusiwalaumu sana, lakini wanakuponza. Sheha, kiongozi wa shehia anayethibitisha ukaazi wako, akinyamaza, wakala wa chama yuko pale pale kituoni na anajua uliondoka mwaka gani. Daftari likibandikwa, pingamizi linaweza kuwekwa na jina likafutwa, nawe umeshalipa nauli. Na yule kaka anayeahidi "nitakuandikishia" mwambieni aache: zinachukuliwa alama za vidole na picha, hakuna wa kukuwakilisha. Kadi yako ya kupigia kura pia usimwachie mtu. Akikamatwa nayo kituoni ni kosa la jinai, naye ndiye atakayeshikwa.

Kwa aliyerudi kukaa kweli, mambo mengine ni ya kawaida: hakikisha kitambulisho hakijaisha muda, nenda uandikishaji ukifika kwenye shehia yako, kagua jina likibandikwa, chukua kadi.

Ambaye hajatimiza miezi hiyo asikate tamaa mapema. Zanzibar mpiga kura hupewa karatasi tano: Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani ni za ZEC, Rais wa Jamhuri na mbunge ni za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Tume hiyo ya pili huwaandikisha Watanzania waliopo Zanzibar wasio na sifa za daftari la ZEC, wakapiga kura za Muungano. Ratiba yake ni tofauti na ya ZEC, na wengi huikosa kwa kudhani uandikishaji ni mmoja.

Aliyekwisha kuapa uraia wa nchi nyengine hana kura huku kabisa. Hadhi Maalum, ile wanayopewa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, haimrudishii.

Sasa huko mliko. Marekani ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anaweza kukuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana. Ukitia alama kwamba wewe ni raia, hata kwa kutoelewa, unaweza kufungiwa mlango wa kuhamia kule maisha yako yote.

Uingereza ni kinyume, na Wazanzibari wengi hawajui. Mtanzania mwenye viza halali, hata mwanafunzi, anaruhusiwa kupiga kura kwa sababu nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola. Kule hakuna sheha. Unaandika anwani yako na kwa kawaida neno lako kuhusu makaazi linakubaliwa, uungwana ambao ningependa tuuone kwetu. Halafu Waingereza wenyewe wengi hawaitumii kura yao: uchaguzi mkuu wa 2024 waliojitokeza walikuwa asilimia 60 hivi. Jiandikishe angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na siku ya kura chukua pasi yako ya Tanzania. Inakubaliwa kituoni hata ikiwa imeisha muda, mradi sura ya kwenye picha bado ni yako.