Namna ya Kufundisha Mchoro wa Propaganda: Boston, 1770

Mwalimu wa Dar es Salaam anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi picha inavyogeuzwa kuwa silaha ya kisiasa hahitaji mifano mingi, kwani mchoro mmoja wa Paul Revere, mfua fedha wa Boston, mji wa Marekani uliokuwa chini ya utawala wa Uingereza, unamtosha: unaonyesha askari wa Uingereza wakiwapiga risasi raia wa mji huo. Utafute kwenye intaneti, kisha uuchapishe kwa rangi katika duka la stesheneri kwenye karatasi ya A3, kwa sababu katika kioo cha simu mambo madogo yenye uzito hupotea.

Kwanza funika maandishi na shairi lililo chini yake, uwaagize wanafunzi waandike wanachokiona tu: askari waliojipanga safu na kufyatua bunduki kwa pamoja, kamanda aliyeinua upanga nyuma yao, raia wasio na silaha wakianguka.

Ndipo uwasimulie usiku wa Machi 5, 1770, ulioishia kwa vifo vya watu 5. Umati uliwatupia askari theluji na vipande vya barafu, baadhi ya watu wa umati huo wakiwa na marungu, na risasi zikatoka katikati ya vurugu. Kapteni Thomas Preston, kamanda wa askari hao, aliachiwa huru mahakamani, akitetewa na wakili John Adams. Kati ya askari 8 walioshtakiwa, 6 waliachiwa na 2 wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Hata hivyo hukumu hizo zilitolewa miezi kadhaa baadaye, ilhali mchoro ulikuwa umeanza kuuzwa kabla Machi haijaisha.

Kwa kila tofauti kati ya mchoro na tukio lenyewe, waulize inamnufaisha nani. Juu ya jengo la forodha Revere aliongeza kibao kinacholiita jumba la mchinjaji. Hapa usiharakishe, wala usimpite Crispus Attucks, anayeaminika kuwa na asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani: jina lake limo katika orodha ya waliouawa, lakini katika nakala nyingi huwezi kumtambua miongoni mwa miili. Naliona jambo hili kuwa kiini cha somo zima.

Eleza pia kwamba Revere aliunakili mchoro wa Henry Pelham, msanii wa Boston, aliyemlalamikia kwa barua, na kwamba bamba moja la shaba lililochongwa, likipakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, hutoa nakala nyingi.

Kwa zoezi la nyumbani, kila mwanafunzi achague katuni ya siasa katika gazeti la Dar es Salaam na aandike mchoraji ameacha nini nje ya fremu.